Wifi, nunua viatu kwanza: kujiandaa kupanda Kilimanjaro ukiwa Dar

Mwezi wa tisa mwaka juzi wifi yangu alinipigia simu kutoka Tabata. Ofisini kwao walikuwa wamejiandikisha watu kumi na mmoja kupanda Kilimanjaro, waanze tarehe 5 Desemba, wafike kileleni tarehe 9, Siku ya Uhuru. Sauti ilikuwa ya mtu aliyesimama dukani. "Wifi, kuna jaketi hapa Kariakoo laki tatu na nusu, muuzaji anasema ndilo lenyewe la mlimani. Nilichukue?" Nikamwambia aliache hapohapo kwenye henga. Kwanza viatu, pili ngazi za ofisini kwao, jaketi tutalizungumza mwezi wa kumi na moja.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Nilianza kubeba mizigo mlimani nikiwa na miaka 22, nikapanda nikawa mwongozaji msaidizi, na sasa naongoza makundi mwenyewe. Maswali aliyoniuliza wifi ndiyo wanayoniuliza Watanzania wengi kila mwaka Desemba inapokaribia, kwa hiyo nayaandika hapa kama nilivyomweleza yeye, wiki baada ya wiki.

Hesabu ya mlima

Kundi lao lilichagua njia ya Marangu, ile tunayoiita Coca-Cola, ambayo unalala kwenye vibanda vyenye vitanda na magodoro badala ya mahema. Lango liko karibu mita 1,870 kutoka usawa wa bahari. Siku ya kwanza unapita msituni hadi Mandara, mita 2,720. Siku ya pili ni Horombo, mita 3,720. Kutoka hapo unavuka ile tambarare kavu kati ya Mawenzi na Kibo mpaka kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,700 na ushee. Usiku wa manane unaanza kupanda changarawe kwa mwanga wa tochi hadi Gilman's, kisha unafuata ukingo wa kreta mpaka Uhuru, mita 5,895.

Watu wote huishia hapo wakipiga hesabu. Mimi nilimwambia wifi ageuze karatasi. Siku hiyohiyo, ukiwa hujalala, unarudi Kibo, unapumzika kidogo, halafu unashuka mpaka Horombo. Hizo ni zaidi ya mita 2,100 za kushuka kwa siku moja. Wanaopita Machame na kushukia Mweka hushuka karibu mita 2,800. Nimeona watu waliofika Uhuru wakiimba wimbo wa taifa, saa tano baadaye wanashuka kinyumenyume kwa sababu magoti hayakunji. Kwa hiyo mazoezi niliyompa yalikuwa ya kushuka kuliko ya kupanda, na viatu nilivyomchagulia vilikuwa vya kushukia.

Jambo jingine la kuamua mapema ni siku. Marangu hupandwa kwa siku tano au sita. Ile ya sita ni siku ya kukaa Horombo, unatembea asubuhi mpaka kwenye yale mawe yenye mistari kama punda milia, kisha unarudi kulala palepale chini. Kileleni kila pumzi unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar, na mwili unahitaji muda kuzoea. Kama pesa ni ya kubana, bana kwenye nguo, usibane kwenye siku. Wenzake wawili walitaka siku tano ili wawahi kurudi kazini. Nikaongea nao kwa simu mmoja mmoja mpaka wakakubali sita.

Viatu

Kiatu cha mlima nunua mwezi wa kwanza wa maandalizi, ili siku ya kwenda kiwe kimeshakuwa chako. Kisiwe cha kukodi. Vingine vyote unaweza kukodi Moshi au Marangu, lakini kiatu kilichokunjwa na mguu wa mtu mwingine, nawe hujapata wiki za kukizoea, kitakuchuna.

Nenda kujaribu jioni, baada ya kutwa nzima ya kutembea, maana mguu huvimba kidogo, na mlimani utavimba vilevile. Beba soksi nene utakazovaa kule. Ingiza mguu bila kufunga kamba, sukuma vidole mpaka viguse mbele, kisha pitisha kidole chako cha shahada nyuma ya kisigino. Kikiingia kimoja kwa kujibana kidogo, saizi ni hiyo. Kisipoingia, kiatu ni kidogo hata kama muuzaji ataapa kwamba ngozi itatanuka. Vikiingia viwili, mguu utaogelea. Halafu funga kamba, tafuta ngazi, ushuke kwa kukanyaga kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele hapo dukani, ukishuka kutoka Kibo kucha zitakuwa nyeusi.

Wengi wetu tunanunua mtumba, na sioni ubaya. Memorial pale Moshi na Karume pale Ilala nimepata viatu imara kuliko vipya vya dukani. Ila kuna mtego mmoja ambao lazima nikuoneshe. Kiatu cha mlima kina tabaka la kati, laini kama sponji gumu, lililo kati ya ngozi ya juu na soli yenye kashata. Kwenye viatu vingi tabaka hilo huoza taratibu kwa unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kabatini hakijavaliwa. Juu kinang'aa, ndani kimekuwa kama keki iliyokauka.

Niliwahi kuwa na mgeni, baba wa makamo, mpole sana, aliyekuja na viatu vya mtumba vinavyoonekana vipya kabisa. Tulipokuwa tunashuka kutoka Kibo nikasikia pa, pa, pa nyuma yangu. Soli ya kulia ilikuwa imeachia kuanzia kisigino, na kile cha katikati kinamwagika kwenye mchanga vipande vipande kama mkate mkavu. Tulikaa kwenye jiwe, tukazungusha utepe wa gundi na kamba ya hema kuanzia chini ya unyayo mpaka juu ya kifundo, tukakaza. Akatembea hivyo zaidi ya saa tatu mpaka Horombo, kila baada ya muda tunasimama tunafunga upya. Alivumilia, lakini mguu ule ulimsumbua mpaka langoni.

Kwa hiyo ukishika kiatu cha mtumba, kikunje kwa nguvu mara ishirini. Bonyeza tabaka la kati kwa ukucha wa kidole gumba: likirudi ni zima, likibaki na alama au likidondosha unga, rudisha kiatu. Angalia mstari wa gundi kuzunguka soli. Kisha kivae barabarani wiki tatu kabla hujakiamini. Fundi viatu anaweza kukushonea soli kuzunguka, na ni kazi nzuri, lakini uzi haushiki kitu kilichooza. Wifi alipata chake Karume kwa shilingi 45,000, baada ya kurudisha jozi nne. Alinitumia video ya kila jozi akiikunja, na nilizitazama zote.

Soksi zisiwe za pamba. Pamba ikishalowa jasho haikauki, ngozi inalainika, malengelenge yanaanza. Sufu au sintetiki, jozi nne, na moja usiiguse mpaka usiku wa kilele.

Nguo, na kwa nini jezi ya mpira inafaa

Kanuni yangu ni moja: kisichokauka usiku mmoja hakipandi mlima. Jinzi ibaki nyumbani. Fulana za pamba, hata ile nzuri mliyochapisha nembo ya ofisi, zivaliwe langoni kwa picha tu.

Nguo ya kwanza mwilini iwe ya sintetiki. Jezi ya mpira inafanya kazi hiyo vizuri kabisa, na kila Mtanzania anayo. Chukua mbili au tatu, moja ya mikono mirefu. Juu yake sweta la flisi, hayo ya mtumba yamejaa kila gulio. Kisha jaketi nene la kupuliza, lile lenye vifuko vilivyojazwa manyoya au nyuzi nyepesi za sintetiki. Juu kabisa koti la mvua na suruali ya mvua. Desemba vuli inaweza kuwa haijaisha na msitu wa Mandara ukalowa maji, kwa hiyo usidharau hii ya mwisho. Koti lijaribu bafuni: livae, simama chini ya maji dakika kumi ukiwa na fulana ya rangi nyepesi ndani. Mabegani pakilowa, tafuta jingine. Koti la plastiki la kujitanda, la bei ya chini, upepo wa Horombo utalichana.

Chini, suruali ya mazoezi ya sintetiki mchana. Usiku wa kilele vaa taiti mbili nyembamba ndani ya suruali nzito, juu yake ile ya mvua ikate upepo. Usiku huo baridi inaweza kuwa nyuzi 10, hata 20, chini ya sifuri. Glavu jozi mbili, nyembamba ndani ya kubwa, ili ukitaka kufungua zipu usibaki mkono mtupu. Mzula wa sufu unaofunika masikio. Dada zangu mnaovaa hijabu, ile ya michezo inayobana inakaa vizuri sana chini ya mzula na inalinda shingo. Na nywele: usiende na rasta nene zilizojaa, kofia na tochi ya kichwani havikai. Suka twende kilioni wiki moja kabla, kichwa kiwe kimeshapoa.

Miwani ya jua iwe ya kuzuia mionzi kwelikweli, siyo ya urembo, kwa sababu jua la asubuhi juu ya barafu linaunguza macho. Mafuta ya kukinga jua na ya midomo ni kwa ngozi zote. Wapagazi wetu weusi ti huchubuka pua kila msimu.

Beba kanga mbili. Moja ni ya kuweka ndani ya mfuko wa kulalia, inaongeza joto na inakutenga na jasho la waliolala humo kabla yako. Nyingine ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, na ni stara ukijisaidia njiani. Pedi beba hata kama siku zako bado, mlimani huja bila kutarajia, na zilizotumika zinarudi chini na wewe kwenye mfuko wake.

Mfuko wa kulalia, fimbo mbili za kutembelea na jaketi nene vyote kodi. Mfuko uufungue pale pale dukani, uinue juu ya mwanga: ukiona sehemu zinapitisha mwanga, manyoya yamehama, na hapo ndipo baridi itaingia. Vuta zipu mpaka mwisho mara tatu. Unuse.

Wiki kumi na mbili

Wifi hakuwa mtu wa mazoezi. Anakaa kitini kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja, ana watoto wawili, foleni ya Tabata unaijua. Kwa hiyo sikumpangia kukimbia. Nimewapandisha wanariadha wakashindwa Kibo kwa sababu siku mbili za kwanza walikwenda mbio, na mama wa miaka sitini waliotembea kama wanaokwenda kuteka maji wakafika Uhuru.

Wiki nne za kwanza alikuwa anashuka daladala vituo viwili kabla, asubuhi na jioni, akiwa na viatu vyake vya mlima miguuni na vya ofisini kwenye mkoba. Mara tatu kwa wiki, baada ya kazi, ngazi. Ofisi iko ghorofa ya tisa. Ghorofa moja ni kama mita tatu, kwa hiyo kupanda mara kumi ni mita 270 hivi. Alianza na mara tatu. Siku ya Mandara peke yake ni mita 850.

Kupanda ngazi alipanda kawaida. Kushuka ndiko kulikuwa na masharti. Simama ukingoni mwa ngazi kwa mguu mmoja. Kunja goti taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka kisigino cha mguu wa pili kiguse ngazi ya chini kama unaweka yai. Goti lielekee kwenye kidole cha pili cha mguu, lisiingie ndani. Rudia mguu mwingine. Mara kumi kila mguu, seti tatu. Siku iliyofuata hakuweza kukaa chooni bila kushika ukuta, akanipigia kunilaumu. Misuli ya paja inayofunga breki wakati wa kushuka inauma hivyo mara ya kwanza, na ikishazoea hairudii kuuma vile. Ni heri iume Tabata.

Wiki ya tano tukaongeza mzigo. Chukua begi la mgongoni utakalopanda nalo, weka unga wa sembe wa kilo 5 katikati, karibu na mgongo, na chupa za maji pembeni. Lita moja ni kilo moja. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mfupa wa nyonga na kukaza kwanza, kisha ndiyo mabega. Ukiona mabega yanauma na kiuno hakina kitu, mkanda umekaa vibaya. Jumamosi alikwenda vilima vya Pugu na wenzake watano, kutembea kwa muda wa saa tatu, baadaye wakafikisha saa nne.

Wiki ya tisa walipanda treni ya umeme mpaka Morogoro, wakapanda Uluguru hadi Morningside, kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani, wakashuka. Jumapili wakapanda tena. Hiyo siku ya pili ndiyo ya muhimu, kutembea na miguu iliyochoka jana. Ukiwa Arusha au Moshi, na uwezo upo, Mlima Meru, mita 4,566, ni mazoezi bora kuliko yote, kwa kuwa unaujaribu mwili kwenye hewa nyepesi. Aliye Lushoto ana Usambara mlangoni.

Wiki ya kumi na mbili ni kupumzika. Kutembea nusu saa, kulala mapema. Asiyefanya mazoezi miezi mitatu hawezi kuyalipa wiki ya mwisho.

Mwendo ujifunze hukohuko. Weka mguu mbele, nyoosha goti la nyuma lifunge kabisa, uzito ukae kwenye mfupa kwa pumzi moja, ndipo uhamishe. Ukishindwa kumaliza sentensi nzima bila kuvuta pumzi, unakwenda haraka. Tunaposema pole pole tunamaanisha hivyo.

Daktari kabla ya nauli

Hapa sina mzaha. Mwenye selimundu asipande kabla ya kukaa na daktari wake, na wengi watashauriwa wasipande kabisa, kwa sababu upungufu wa oksijeni huzifanya seli zijikunje. Hata aliyebeba kinasaba tu aulize. Presha, pumu, moyo, ujauzito, vivyo hivyo. Dawa ya acetazolamide husaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini inakojoza sana, inatia ganzi vidoleni, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima amwambie daktari. Usipewe kidonge na mwenzako kwenye kibanda.

Kichwa kuuma kidogo, hamu ya kula kupotea, usingizi kukatika: hayo ni ya kawaida, na mwambie mwongozaji wako kila mara. Usimfiche ukidhani atakurudisha. Lakini mtu akianza kupepesuka kama mlevi, au akihema kwa nguvu akiwa amekaa, au kikohozi kikatoa mapovu, huyo anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na kilele kinaonekana. Mimi huwa nawatembeza wageni kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole, kila jioni tukiwa Horombo na Kibo. Wanacheka, na mimi natazama miguu.

Mizigo na wanaoibeba

Begi kubwa litakalobebwa na mpagazi lisizidi kilo 15. Mpagazi haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, na humo kuna chakula na vyombo pia. Nimebeba, najua kilo mbili za vipodozi zinavyokuwa shingoni ukifika pale juu ya Mandara msitu unapoisha. Pima begi nyumbani kwa mzani wa dukani. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo tafuta chupa mbili ngumu za lita moja.

Begi lako dogo usiku wa kilele lipange saa kumi na mbili jioni, kabla ya kulala, maana saa tano usiku ukiamshwa akili haifanyi kazi. Chupa mbili za maji ya moto, kila moja ndani ya soksi nene, ziwekwe kichwa chini: maji huanza kuganda juu, na mdomo ukiwa chini utaendelea kufunguka. Ule mfuko wa maji wenye mpira wa kunyonyea utaganda, uache Kibo. Karanga, tende, peremende za tangawizi, mfuko wa jaketi wa kulia, usivue begi kutafuta. Simu na betri za akiba za tochi zikae kifuani ndani ya flisi, baridi hunyonya chaji. Glavu kubwa zifungwe kamba zipite shingoni kama za mtoto wa chekechea, upepo ukipokonya moja hutaiona tena. Kamba za viatu, ukianza kupanda, ziwe legevu kidogo juu ya kifundo. Ukiwa juu, kabla ya kugeuka kushuka, kaa chini, gonga kisigino nyuma mara tatu, kaza kuanzia vidoleni kwenda juu, zungusha kamba mara mbili pale mguu unapokunjia, halafu ndipo ufunge. Mguu hautasogea mbele.

Usiku wa tarehe 3 wifi alinipigia tena, begi limeshafungwa, kilo 13 na nusu, basi la Moshi saa kumi na mbili asubuhi. Akauliza amesahau nini. Nikamwambia achukue kikatio, akate kucha za miguu zote, fupi na zilizonyooka, kisha apige pembe msasa zisichome kidole cha jirani, na kikatio chenyewe akiweke kwenye begi dogo.